Sukari haipandi, au panya wanakufa: kutafuta kosa unapotengeneza kisukari cha maabara

Swali ninaloletewa zaidi na wanafunzi wa uzamili wanaowachoma panya sindano ya kuwatia kisukari ili wapimie mimea ya dawa ni hili: "Nimechoma panya 30, leo siku ya tatu sukari iko 6 (milimoli kwa lita, yaani ya kawaida), nimekosea wapi?" Linalolifuata ni kinyume chake: "Nimechoma jana mchana, asubuhi nimekuta tisa wamekufa." Mara nyingi kosa halimo kwa panya. Limo kwenye chupa ya dawa, kwenye bafa (maji ya kuyeyushia dawa yanayoshikilia kiwango cha asidi kisibadilike) na kwenye saa ya ukutani. Kwa hiyo kila sehemu hapa chini inaanza na mambo unayoweza kuyakagua bila kumgusa mnyama mwingine. Panya aliyechomwa dawa iliyokwisha nguvu ameumia bure, na hilo linaniuma kuliko fedha ya dawa yenyewe.

Haya ni kwa mwenye kibali cha kamati ya maadili ya wanyama, msimamizi anayejua anachofanya, na daktari wa mifugo anayepatikana kwa simu. Kimoja kikikosekana, anza na hicho.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kutafuta kosa. Dawa mbili zinazotumika sana ni aloksani na streptozotosini. Ya kwanza ilijulikana kuleta kisukari mwaka 1943 huko Glasgow, pale John Shaw Dunn na wenzake walipokuwa wakichunguza figo za sungura wakakuta visiwa vya Langerhans kwenye kongosho vimekufa. Ya pili hutolewa kwa bakteria Streptomyces achromogenes, na kazi yake hii iliripotiwa mwaka 1963. Zote zina umbo linalofanana na glukosi, kwa hiyo huingia seli beta, zile za visiwa hivyo zinazotengeneza insulini, kwa mlango ule ule wa glukosi unaoitwa GLUT2. Zikishaingia, aloksani huzaa radikali huru, yaani molekuli kali, zinazoichoma seli kutoka ndani, nayo streptozotosini huharibu DNA mpaka seli inaishiwa nguvu. Karibu kila hitilafu utakayosoma hapa inarudi kwenye mambo mawili: dawa imefika mlangoni ikiwa hai au imekufa, na mlango wenyewe ulikuwa na foleni au la.

Siku ya tatu imepita, sukari haijapanda

Sababu ya kwanza, na inaziacha nyingine mbali, ni dawa kufa kabla ya kuingia mwilini.

Streptozotosini hukaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ikiwa kavu na gizani. Muulize mtunza stoo, tena kwa upole ili asikufiche: umeme ulikatika lini mara ya mwisho, na ulikatika kwa muda gani? Mimi niliwahi kuchoma panya 12 wa ukoo wa Wistar kwa dawa iliyokaa wikendi nzima kwenye friza iliyozimika. Jumatatu umeme ulikuwa umerudi, chupa imeganda vizuri, lebo safi, hakuna aliyesema neno. Siku ya tatu namba zote zilikuwa kati ya 5 na 7. Tangu siku hiyo naweka kikombe cha barafu chenye sarafu juu yake ndani ya friza. Nikikuta sarafu imezama katikati ya barafu, najua friza iliyeyuka hata kama sasa imeganda, na dawa iliyokuwamo siiamini tena.

Angalia na rangi. Unga mzuri ni mweupe unaoelekea njano hafifu, na ukiuyeyusha unapata maji ya dhahabu iliyopauka. Ukiona kahawia, mwaga kwa utaratibu wa taka za sumu. Kabla ya kufungua chupa iliyotoka kwenye friza, iache ifikie joto la chumba ikiwa imefungwa. Ukiifungua ingali baridi, unyevu wa hewa unaingia kwenye unga, na huo uliobaki ndio utakaokuangusha mwezi ujao.

Kisha bafa. Streptozotosini hutulia kwenye bafa ya sitrati yenye pH 4.5, baridi na mbichi. Ukiiweka kwenye maji ya chumvi ya kawaida au bafa ya fosfati ya pH 7.4, inavunjika huku unaitazama. Usiamini lebo ya chupa ya bafa iliyotengenezwa muhula uliopita. Pima pH asubuhi ile ile, kwa mita uliyoisahihisha kwa bafa za pH 4 na 7. Karatasi ya rangi haitoshi kwa kazi hii.

Baada ya hapo ni saa. Yeyusha kiasi cha panya wachache, funika kwa karatasi ya foili, weka juu ya barafu, choma ndani ya dakika 10 hivi, halafu yeyusha kingine. Kosa ninaloliona kila mwaka ni mtu kuyeyusha dawa ya panya 40 kwa mkupuo, halafu anaanza kupima uzito. Akifika panya wa ishirini, anachoma maji. Uzito upimwe kwanza, dozi zikokotolewe na kuandikwa, vizimba vipangwe kwa mfuatano, na dawa iyeyushwe ya mwisho kabisa.

Aloksani ina haraka zaidi. Kwenye pH ya damu na joto la mwili, nusu yake hupotea kwa dakika moja na nusu hivi. Ndiyo sababu dozi ya mshipa wa mkia huwa ndogo kuliko ya tumboni kwa mbali sana: kwa panya wakubwa (wale waitwao "rat" kwa Kiingereza) wengi hutumia miligramu 40 hadi 60 kwa kilo kwenye mshipa, na 120 hadi 150 au zaidi tumboni. Mtu akichukua dozi ya mshipa kutoka kwenye makala fulani akaichoma tumboni, sukari haitapanda. Akifanya kinyume, ataua. Soma upya njia iliyotumika kabla ya kulaumu panya.

Kama chupa, bafa na saa viko sawa, rudi kwenye hesabu. Panya wa gramu 220 kwa dozi ya miligramu 55 kwa kilo anahitaji miligramu 12.1, na kwenye mchanganyiko wa miligramu 20 kwa mililita hiyo ni mililita 0.6. Fanya hesabu ya panya mmoja kwa mkono, mbele ya mwenzako, kabla ya kuiamini jedwali la kompyuta. Kwa aloksani angalia kama lebo inasema monohaidreti, maana sehemu ya uzito huo ni maji: miligramu 150 za monohaidreti zina aloksani yenyewe kama 133 tu.

Halafu njaa. Panya aliyekula usiku kucha ana glukosi nyingi inayogombania mlango ule ule na dawa yako. Panya wakubwa huzuiwa chakula, si maji, kwa saa 6 hadi 12 kulingana na kibali. Panya wadogo ("mouse") saa 4 hadi 6 zinatosha, kwa sababu miili yao huunguza chakula haraka na huchoka upesi. Na kuondoa chakula maana yake ni kubadili na maranda pia: nimekuta punje za chakula zilizofichwa kwenye kona ya kizimba, na panya aliyeandikwa "hajala" akiwa anatafuna.

Ukikosa kosa katika hayo yote, tazama mnyama mwenyewe. Majike ya panya wadogo hustahimili streptozotosini kuliko madume. Koo za panya wa maabara nazo hutofautiana, na dozi inayofaa ukoo wa C57BL/6 inaweza isitoshe kwa BALB/c. Sungura hustahimili sana streptozotosini, kwa hiyo kwake watu hutumia aloksani.

Simama hapa: usirudie dozi siku ya tatu kwa hasira. Figo na ini bado vinauguza dozi ya kwanza, na wapo panya wanaochelewa. Pima tena siku ya saba. Dozi ya pili hutolewa tu kama imeandikwa kwenye kibali chako, na baada ya kuongea na msimamizi na daktari wa mifugo.

Nusu wamepanda, nusu hawajapanda

Chunguza kwanza mpangilio. Andika namba za panya kwa mfuatano waliochomwa, uweke sukari pembeni. Kama waliopanda ni wa mwanzo na walioshindwa ni wa mwisho, jibu unalo: dawa ilikuwa ikifa kwenye chupa. Kama wametapakaa bila mpango, kosa ni la mkono.

Sindano ya tumboni hukosea njia mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. Inaweza kuingia kwenye utumbo mpana, kibofu, mafuta au chini ya ngozi, na panya asionyeshe dalili yoyote. Mshike kichwa kikiwa chini kidogo ili viungo vishuke kuelekea kifua, choma upande wa kulia wa chini, vuta bomba kidogo uone. Ikija damu, au maji ya njano, au uchafu wa kijani, toa sindano, tupa dawa ile, anza na bomba jipya. Kama hujawahi kufanya haya kwa maji ya chumvi mbele ya mtu mzoefu, usijifunzie kwenye streptozotosini.

Kisha upangaji wa makundi. Wengi hugawa makundi kabla ya kuchoma, halafu wanajikuta kundi la mmea lina panya 3 wenye kisukari na kundi la maji, lisilopewa mmea, lina 7. Choma kwanza, subiri siku ya saba, chagua waliovuka kiwango ulichoandika kwenye pendekezo, ndipo ugawe kwa bahati nasibu ukisawazisha sukari na uzito. Kiwango kiandikwe mapema na kisibadilike. Wengine hutumia 13.9 baada ya kufunga, wengine 16.7 bila kufunga. Hizo ni milimoli kwa lita. Makala nyingi huandika miligramu kwa desilita, na kigawanyo ni 18: 250 ni 13.9, na 300 ni 16.7. Nimeshaona tasnifu ambamo vipimo vyote viwili vimechanganywa kwenye jedwali moja.

Wanakufa ndani ya saa 24

Hapa watu hudhani dozi ilikuwa kubwa. Inawezekana, ila sababu ya kawaida ni sukari kushuka, siyo kupanda. Seli beta zinapokufa hupasuka na kumwaga insulini yote iliyokuwa ghalani. Sukari hupanda kwa saa chache baada ya sindano, halafu kuanzia kama saa ya nne hadi ya nane huporomoka, na inaweza kubaki chini kwa saa nyingi. Kisukari cha kudumu huja baada ya hapo, kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Kwa hiyo panya uliyemchoma saa nane mchana ukaenda nyumbani saa kumi na moja, anaanguka usiku wakati hakuna mtu.

Kagua haya: chakula kilirudishwa mara baada ya sindano? Chupa ya maji ilikuwa na glukosi ya asilimia 5 hadi 10 kwa saa 24 za kwanza? Njia ya chupa ilikuwa wazi, matone yanatoka? Nani alikuwa zamu usiku?

Panya ambaye sukari yake imeshuka hujikunja, manyoya yakasimama, akawa baridi mkononi, akatetemeka au akalegea kama kitambaa. Ukimkuta hivyo, paka matone ya glukosi kwenye fizi zake, mpe joto la taa au chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, na umpigie daktari wa mifugo papo hapo. Akiwa na degedege au hamezi, usimmiminie kitu mdomoni. Choma asubuhi na mapema, ili saa zile mbaya ziangukie mchana ukiwa macho. Ushauri huu peke yake umeokoa panya wengi katika maabara yetu kuliko kifaa chochote tulichonunua.

Kama glukosi ilikuwepo na bado wamekufa, fungua tumbo la mmojawapo. Damu, usaha au utumbo uliotobolewa ni kosa la sindano. Tumbo safi linarudisha shaka kwenye dozi, kwenye hesabu ya mililita, au kwenye kuwafungisha muda mrefu mno.

Vifo vikizidi kile kilichoandikwa kwenye kibali, kazi isimame siku hiyo hiyo na kamati iarifiwe. Usichome kundi linalofuata ukitumaini bahati.

Walipanda vizuri, wiki ya pili wanakonda na kufa

Anza na chupa ya maji. Panya mkubwa mwenye afya hunywa kama mililita 20 hadi 30 kwa siku, ila mwenye kisukari kikali anaweza kupita 100. Chupa iliyokuwa ikitosha siku mbili sasa inakauka usiku wa manane. Weka chupa mbili kwa kizimba. Maranda nayo hulowa kwa mkojo, yabadilishwe kila siku, pengine mara mbili, la sivyo amonia inawachoma macho na mapafu, na ngozi ya miguu inaoza. Punguza idadi kwa kizimba, ila usimtenge panya peke yake bila sababu.

Maji na maranda yakiwa sawa, basi kisukari chenyewe ni kikali kupita mwili. Karibu seli zote zimekufa, na panya anaishi kama mgonjwa wa aina ya kwanza asiye na insulini. Utafiti wa wiki nyingi huhitaji insulini kidogo ya kumuweka hai bila kurudisha sukari kuwa ya kawaida. Kiasi na ratiba aamue daktari wa mifugo. Aliyepoteza asilimia 20 ya uzito, au asiyeinuka kula na kunywa, amefika mwisho wake kwa mujibu wa vibali vingi. Asiachwe afe mwenyewe ili ukamilishe idadi ya jedwali.

Sukari ilipanda, kisha ikashuka yenyewe

Hili ndilo linalotengeneza dawa za uongo, nami liliwahi kunidanganya. Mwaka wangu wa kwanza mmea wetu "ulishusha" sukari kutoka 18 hadi 9 kwa wiki nne. Tulifurahi kweli. Kisha msimamizi akafungua ukurasa wa kundi lililopewa maji matupu: kutoka 17 hadi 10. Panya walikuwa wanapona wenyewe.

Hutokea zaidi kwa aloksani na kwa dozi ndogo za streptozotosini, seli zilizonusurika zinapojijenga upya. Dawa ya kwanza ya tatizo hili ni kundi la kisukari lisilotibiwa, lenye idadi sawa na mengine, linalopimwa siku ile ile saa ile ile. Ya pili ni kutoanza matibabu siku ya tatu. Subiri mpaka sukari imetulia kwa vipimo viwili vilivyopishana siku kadhaa. Ukiona kundi la maji linashuka, usiendelee. Matokeo ya mmea hapo hayasomeki, hata yakiwa mazuri kiasi gani.

Glibenklamidi haishushi sukari

Hii ni dawa ya kisukari ambayo mmea hulinganishwa nayo, na isipofanya kazi wanafunzi hufikiri vidonge ni bandia. Pengine, ila fikiria kwanza namna kinavyofanya kazi: glibenklamidi huifinya seli beta itoe insulini. Kama uliua karibu seli zote kwa miligramu 65 kwa kilo, hakuna cha kufinya. Hitilafu iko kwenye mfano wa ugonjwa uliochagua. Kwa mmea unaodhaniwa kuamsha kongosho, au kwa kisukari cha aina ya pili, kuna njia laini zaidi. Moja ni kutanguliza nikotinamaidi dakika 15 kabla ya streptozotosini, kwani huokoa sehemu ya seli. Nyingine ni kuwalisha panya mafuta mengi kwa wiki kadhaa, ndipo wachomwe dozi ndogo ya streptozotosini, karibu miligramu 35 kwa kilo. Kwenye kisukari kikali, dawa ya kulinganishia iwe insulini.

Namba za glukomita hazieleweki

Mashine ikiandika HI, kwa nyingi maana yake ni juu ya 33.3. Usiandike 33.3 kwenye daftari kana kwamba ndicho kipimo, wala usichanganye damu na maji ili mashine isome. Peleka damu maabara. Damu hiyo ikae kwenye chupa yenye floridi ya sodiamu, maana seli za damu huendelea kula glukosi ndani ya chupa.

Sukari ikiwa juu hata kwa panya wasiochomwa, tazama hofu na dawa ya usingizi. Panya aliyekimbizwa kizimbani hupandisha sukari, na zailazini, inayochanganywa na ketamini, hupandisha sana kwa kuzuia insulini. Wazoeze kushikwa wiki nzima kabla ya kazi. Kama stripu zimekaa wazi kwenye joto na unyevu, tupa.

Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ikipanda katika wiki ya kwanza, usikimbilie kuandika "figo za kisukari". Streptozotosini yenyewe huumiza figo na ini moja kwa moja. Wape muda wa wiki kadhaa, na uwe na kundi la kisukari lililopewa insulini ili utenganishe sumu ya dawa na madhara ya sukari.

Ukijichoma au ukimwagikiwa

Streptozotosini huharibu DNA ya mtu vilevile. Hospitali huitumia dhidi ya uvimbe wa saratani ya kongosho, na inashukiwa kuweza kusababisha saratani. Unga upimwe ndani ya kabati la kuvuta hewa, ukiwa na glavu mbili, barakoa na miwani. Maranda ya siku mbili tatu za kwanza yana dawa iliyotoka kwa mkojo. Mtunza wanyama aambiwe kabla hajayashika, apewe glavu zile zile unazovaa wewe, na maranda yaende kwenye mfuko wa taka za sumu, siyo shimo la nyuma ya jengo.

Sindano ikikuchoma, acha kazi, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 bila kukamua, nenda hospitali na karatasi ya usalama ya dawa mkononi, na uandike tukio kwenye daftari la ajali. Ikiingia jichoni, osha kwa dakika zile zile ukiwa umefungua kope, halafu nenda. Panya waliobaki watasubiri, na dawa iliyoyeyushwa itamwagwa.